Plagi ilichomolewa, umeme ukabaki: kisa cha taa ya maikrowevu Ipagala

Simu ilinikuta kibandani kwangu Majengo, hapa Dodoma, Jumapili moja ya Septemba, saa kumi jioni kasoro kidogo. Aliyepiga ni mama mmoja wa Ipagala, muuguzi mstaafu, ambaye nilishawahi kumtengenezea pasi na feni. Siku zote salamu zake ni ndefu, zinaanzia nyumbani zinaishia kwenye mvua. Siku hiyo hakusalimia. "Fundi, mjukuu wangu anafungua maikrowevu. Anasema anabadilisha taa tu. Mimi moyo umekataa. Hebu ongea naye."

Kijana akachukua simu. "Shikamoo fundi." Nikaitikia, nikamwuliza plagi iko wapi, skrubu ngapi zimeshatoka, na bati la nje limeondoka au bado. Alijibu kama mtu aliyejipanga. Plagi ameichomoa na ipo juu ya meza anaiona. Skrubu nne kati ya sita zimo kwenye kifuniko cha kopo la Blue Band. Bati bado limekaa. Nikamwambia aweke bisibisi chini, asiendelee na asirudishe kitu, nakuja na bodaboda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, na kwa mshangao wa kweli: "Lakini fundi, si nimeshachomoa plagi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki kwa kirefu. Kijana hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho mtu makini hufanya, na kwa vyombo vingi vya jikoni angekuwa salama kabisa. Pasi, birika la umeme, jiko la sahani: ukichomoa plagi, umeme umekwisha, kinachobaki ni joto tu. Maikrowevu haiko hivyo, na nje hakuna kitu kinachokuonyesha tofauti hiyo. Ni sanduku jeupe kama masanduku mengine.

Maikrowevu yenyewe ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya. Mtoto wa huyo mama aliinunua Dar es Salaam, akahama nayo kuja Dodoma kikazi wakati wizara zinahamia, na alipopata mpya akamwachia mama yake hii ya zamani. Kazi yake hapo nyumbani ni kupasha: uji wa asubuhi, maharage ya jana, chakula cha kijana anaporudi shule saa ambazo kila mtu ameshakula. Alhamisi ya wiki hiyo mama alifunga mlango, akabonyeza, akasikia "ti!" ndogo na ndani kukawa giza. Sahani ikaendelea kuzunguka, feni ikaendelea kuvuma, maziwa yakapata moto kama kawaida. Tatizo ni kwamba bila taa mama hayaoni yanapopanda, na kwa siku tatu mfululizo yalimwagika. Kijana akaona bibi yake anafuta sahani kila asubuhi, akaamua kumsaidia.

Niseme hapa jambo ambalo wateja wangu wengi hawaliamini mara ya kwanza: taa ya maikrowevu ikiungua, chombo hakijaharibika. Taa haihusiki na kupika. Kama ni taa tu iliyokufa na mengine yote yanakwenda sawa, unaweza kuendelea kupasha chakula wiki mbili, mwezi, hadi upate nafasi ya kumwita mtu. Haraka ya kubadilisha taa hii haipo. Maziwa yapimie muda mfupi mfupi, sekunde thelathini, fungua, koroga, rudisha.

Taa inakaa wapi

Ukitazama ndani ya maikrowevu utaona ukuta mmoja una eneo dogo lenye vitundu vingi, na mwanga unatokea hapo. Watu hudhani balbu iko mle ndani na chakula. Haipo. Mle ndani hujaa mawimbi yenye urefu wa kama sentimita 12, na yale matundu ya milimita chache ni madogo mno kwa mawimbi hayo kupita, ila mwanga unapita bila shida. Ndiyo maana kioo cha mlango nacho kina wavu wa chuma. Kwa hiyo balbu imewekwa upande wa pili wa ukuta ule, nje ya chumba cha chakula lakini ndani ya bati la nje.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kile chumba cha pili si cha balbu peke yake. Humo imo transfoma nzito inayochukua volti 230 za ukutani na kuzipandisha hadi zaidi ya 2,000. Imo dayodi inayoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, imo kapasita, imo magnetroni yenyewe inayotengeneza mawimbi. Kwa pamoja hivyo vitu huifikisha magnetroni kwenye volti kama 4,000. Balbu ni mpangaji mdogo kabisa katika nyumba yenye majirani wakali.

Mkali kuliko wote baada ya plagi kutoka ni kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi chaji, na haijali kama plagi ipo ukutani au juu ya meza. Watengenezaji huweka ndani yake kizuizi kidogo cha megaomu 10 hivi ili kinyonye chaji hiyo taratibu chombo kinapozimwa. Kikiwa kizima, kwa kapasita ya maikrofaradi 1, baada ya sekunde kumi chaji imeshuka hadi zaidi kidogo ya theluthi, na baada ya dakika moja imebaki karibu na sifuri. Kikiwa kimekufa, chaji inaweza kukaa saa nyingi, hata siku. Na kikifa, maikrowevu haionyeshi dalili yoyote. Inapasha vilevile, inazunguka vilevile. Hakuna taa nyekundu, hakuna mlio.

Ziko maikrowevu ambazo mtengenezaji alimfikiria mwenye nyumba. Nyuma au ubavuni kuna kifuniko kidogo, pengine ukubwa wa kiberiti au viwili, chenye skrubu moja. Ukikifungua unakutana na balbu tu, na sehemu nyingine imezibwa usiifikie. Kitabu chake kitakuambia wazi kwamba unaweza kubadilisha mwenyewe. Ya namna hiyo, fanya: zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, subiri balbu ipoe, fungua kile kifuniko peke yake, weka balbu ya volti na wati zilezile zilizoandikwa, funga. Kidole au bisibisi isipite zaidi ya balbu. Lakini kama njia ya kuifikia taa ni kuvua bati zima, basi ujue umeacha kazi ya taa na umeingia kazi ya umeme mkubwa, hata kama ulichokifuata ni balbu ya elfu saba. Swali la kwanza la kisa cha namna hii, kabla ya kugusa skrubu yoyote, ni hilo: taa ina mlango wake, au haina?

Ya Ipagala haikuwa na mlango wake.

Nilichokikuta

Nilifika kwenye saa kumi na moja kasoro robo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, afadhali umekuja." Kijana alikuwa amesimama mbali na meza, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikampa mkono kwanza. Kisha nikaangalia ukuta kabla ya kuangalia chombo, maana hiyo ndiyo desturi yangu.

Soketi ni ya matundu matatu, kama zetu zote. Plagi iliyolala mezani ni ya mviringo, ya Ulaya, miguu miwili. Na pembeni ya soketi, juu ya kabati, kulikuwa na kalamu ya bluu isiyo na kifuniko. Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza. Mama akaeleza kwamba plagi ile haiingii hadi uchomeke kalamu tundu la juu, ndipo yale mawili ya chini yanafunguka. Mwanawe alimwonyesha hivyo. Miaka mitatu.

Nikamwuliza, "Mama, ukiigusa hii huku unaosha vyombo, kuna kitu unasikia?" Akanitazama. "Inanisisimua. Hapa, kwenye mkono. Si sana. Nilidhani ni mimi, presha."

Si presha. Tundu la juu la soketi zetu ndilo la erthi, na kile kifuniko cha ndani cha plastiki kimewekwa makusudi ili matundu mawili ya umeme yasifunguke hadi mguu wa erthi uingie. Kalamu inakidanganya hicho kifuniko, na plagi inaingia bila erthi. Hizo plagi za Ulaya zina erthi, lakini iko kwenye vipande vya chuma vya ubavuni ambavyo soketi yetu haina pa kuvigusia. Maikrowevu nyingi zina kichujio cha umeme kwenye mwingilio, na kichujio hicho, erthi ikikosekana, huliachia bati la nje umeme kidogo. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndio ule wa kusisimua. Ubaya wake ni kwamba siku waya wa ndani utakapochubuka na kugusa bati, hakutakuwa na njia ya kuukimbiza umeme ardhini isipokuwa mwili wa mama huyu, mikono yake ikiwa na maji.

Nilimwambia pale pale kwamba hata kama nisingefungua chombo, kisingerudi kwenye ile soketi kwa ile plagi. Taa ikawa jambo la pili.

Bati lilipotoka

Nilimwuliza kijana aliitumia lini mara ya mwisho. Akasema kabla ya kuchomoa aliiwasha "sekunde mbili tatu tu" ili ahakikishe kuwa kweli taa haiwaki. Hapo nikazidi kuwa makini, maana chaji ya kapasita inatokana na mara ya mwisho chombo kilipopika, hata kama ni kwa sekunde hizo chache. Tangu wakati huo ilikuwa imepita karibu saa nzima. Kwa kapasita nzima hiyo ni mara hamsini ya muda unaotosha.

Nikatoa skrubu mbili zilizobaki, nikavua bati kwa kulivuta nyuma na kuliinua, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukiwa mfukoni. Mkono wa mfukoni si mbwembwe. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, njia yake ni kifuani. Nilikuwa nimevua saa na pete.

Ndani kulikuwa na vumbi letu la Dodoma, lile jekundu laini kama unga wa muhogo, limetanda juu ya transfoma na kuziba robo ya matundu ya feni. Balbu ilikuwa juu kulia, na kapasita, kopo la fedha lenye umbo la yai lililobanwa, chini yake kidogo. Nilipima kwa macho kutoka kishikio cha balbu hadi ncha ya kapasita: upana wa kiganja. Kijana angeingiza vidole pale kubana kishikio cha balbu, na kifundo cha mkono kingelala juu ya zile ncha.

Kuna kifaa nilichojitengenezea kwa kazi hii: vizuizi vya umeme vimefungwa ndani ya mpini mrefu wa plastiki, na waya wenye ganda nene. Hatua za kuitumia sizielezi hapa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Aliyefundishwa anazijua, na asiyefundishwa asizipate kwenye maandishi akiwa peke yake jikoni. Nitasema tu mambo mawili yanayoumiza watu. La kwanza, ile tabia ya kushika bisibisi na kugonganisha ncha mbili za kapasita: cheche yake inaweza kuyeyusha ncha ya bisibisi, kuharibu kapasita, na kumfanya mtu aruke akaangukie mahali pabaya zaidi. La pili, mita za bei ndogo zinazouzwa mitaani huishia volti 600 au 1,000. Ukiielekeza mita hiyo kwenye volti 2,000 unaweza kuilipua ukiwa umeishika.

Nilipogusisha mpini wangu, kulitokea mlio mfupi mkavu, kama kijiti cha kiberiti kinapovunjika, na alama ndogo ya bluu ikaonekana na kupotea. Karibu saa nzima baada ya plagi kutoka! Mama alikaa kwenye stuli. Kijana hakusema neno, alitazama tu mahali ile alama ilipotokea, kisha akatazama mkono wake wa kulia.

Nikasubiri, nikarudia, kimya. Ndipo nikapima kile kizuizi cha ndani ya kapasita kwa kuweka mita upande wa omu. Nilitegemea kuona megaomu 10 hivi. Mita haikusoma chochote, njia imekatika. Kizuizi kilikuwa kimekufa, na hakuna ajuaye tangu lini. Kizuizi hicho hakibadilishwi peke yake, kimefungiwa humo humo. Kapasita nzima inatoka.

Taa yenyewe, baada ya yote haya, ilikuwa rahisi. Vichwa viwili bapa vya waya vimebanwa kwenye miguu ya balbu, na kila kimoja kina kidoti katikati ambacho usipokibonyeza hakitoki. Wengi huvuta waya, waya unakatikia ndani ya ganda. Shika kile kichwa chenyewe, bonyeza kidoti, kichezeshe. Balbu nikaizungusha robo mzunguko ikatoka na kitako chake. Kwenye kioo waya mwembamba wa ndani ulionekana umekatika, vipande viwili vikitikisika ukiipiga kwa kucha. Maandishi ya pembeni: volti 240, wati 25.

Kilichoiua siwezi kukisema kwa kiapo, lakini washukiwa ni watatu na wote walikuwepo. Umeme unaopanda na kushuka ni adui wa balbu za waya: volti zikizidi kwa asilimia tano tu, maisha ya balbu hupungua karibu nusu. Joto, kwa kuwa feni ilikuwa inahema kupitia vumbi. Na mlango kubamizwa, kwa sababu waya ule ukiwa wa moto hauvumilii mtikisiko. Ile "ti!" ya Alhamisi ilisikika mara tu baada ya mlango kufungwa, kwa hiyo mimi namshuku zaidi mlango.

Sikuwa na spea Jumapili jioni. Nikarudisha bati, nikaweka skrubu zote sita, nikafunga plagi kwa mpira kwenye waya wake na kumwomba mama asiitumie. Kalamu nikaomba niondoke nayo.

Duka hadi duka

Jumatatu nilizunguka Uhindini kutafuta balbu, na duka la kwanza nusura linirudishe nyuma. Muuzaji, mzee mwema tu, alinipa balbu yenye umbo lilelile, kitako kilekile, miguu ileile. Nilipoigeuza kwenye mwanga nikasoma volti 120. Hizo ni za maikrowevu za Marekani. Ukiipa balbu ya volti 120 umeme wetu wa 230, itavuta nguvu karibu mara tatu ya ile iliyotengenezewa. Itawaka kama jua kwa dakika chache kama una bahati, na kama huna, kioo kitapasuka mle ndani ya bati. Umbo kuingia si ruhusa. Maandishi madogo ya kwenye balbu ya zamani ndiyo mwongozo, kwa hiyo usiitupe kabla hujapata mpya, nenda nayo dukani mfukoni.

Duka la pili walinipa ya LED ya friji. Mwanga mzuri, umeme kidogo, lakini friji ni mahali pa baridi, na kile chumba cha nyuma ya maikrowevu kina hewa ya moto iliyotoka kuipooza magnetroni. Plastiki ya LED ya friji haikuundwa kwa hali hiyo. Nikaiacha. Ya tatu ndiyo niliyoichukua, volti 240, wati 25, kwa shilingi 7,000. Kapasita nayo nikaipata kwa mwenzangu wa spea: maikrofaradi 1, volti 2,100, sawasawa na ile iliyokufa. Nikanunua na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi.

Hapo spea nilikuta vijana wanavunja maikrowevu mbovu kwa shoka kutafuta shaba ya transfoma na zile sumaku mbili za mviringo za magnetroni. Niliwasimamisha. Sumaku hazina shida, lakini kwenye baadhi ya magnetroni kauri inayozishikilia ncha zake ina oksidi ya berili, na vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu bila kurudi. Ivunjwe kila kitu, kauri ile isivunjwe. Walinisikiliza, mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

Jioni nilirudi Ipagala. Nilisafisha vumbi kwa brashi kavu, nikabadilisha kapasita, nikafunga balbu mpya nikiishika kwa kitambaa, nikaangalia kwamba kila waya umerudi kwenye mguu wake. Kwenye plagi mpya, kahawia kwenye layini, bluu kwenye nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwenye erthi. Kijana ndiye aliyefunga skrubu ya erthi ya plagi. Nilimvutisha waya kuona kama umeshika. Ulikuwa haujashika. Akafungua, akakunja ncha, akafunga tena, ukashika.

Bati lilirudi na skrubu zote sita kabla plagi haijagusa ukuta. Hili silipunguzi hata kidogo. Bati ni sehemu ya ukuta unaozuia mawimbi na ni sehemu ya erthi. Kuiwasha maikrowevu ikiwa wazi "nione tu kama taa inawaka" ni kosa ambalo hata mafundi wenzangu hulifanya. Nikaweka glasi ya maji ndani, kwa sababu haiwashwi tupu, nikabonyeza dakika moja. Taa ikawaka. Sahani ikazunguka. Maji yakatoka ya moto. Nikafungua mlango katikati ya dakika, ikazima papo hapo, kama inavyotakiwa.

Mama aliniuliza kama mionzi sasa inatoka, kwa kuwa tumeifungua. Nikamweleza kwamba kubadilisha taa hakugusi mlango wala zile swichi zake, na kipimo kinachokubalika ni miliwati 5 kwa sentimita mraba, ukipima kwa umbali wa sentimita 5, na kipimo hicho kina kifaa chake. Kuweka simu ndani ukaipigia na kusikiliza kama itaita hakupimi kitu. Mlango ukiwa umepinda, bawaba zikilegea, au wavu wa kioo ukitoboka, hapo usitumie hadi uangaliwe. Wa kwake ulikuwa mzima.

Kilichobaki ni erthi ya nyumba. Plagi mpya inafikisha erthi hadi soketini, lakini kutoka soketini hadi ardhini ni habari nyingine. Nyuma ya jiko kuna fimbo ya shaba iliyopigwa chini, na kibano chake kilikuwa kimeota kutu, kinachezacheza kwa kidole. Ardhi yenyewe, mwezi wa Septemba, imekauka hadi imepasuka. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Erthi iliyopimwa Machi baada ya mvua si erthi ya Septemba. Hiyo si kazi yangu. Mimi natengeneza vyombo, waya za nyumba zina watu wake wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Nikampa mama namba ya mmoja ninayemwamini, na nikamwomba asingoje mvua.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, akabadilisha kibano, akaongeza fimbo ya pili, akapima. Mama alinipigia usiku, safari hii na salamu zote. Msisimko umeisha. Alikuwa ameigusa maikrowevu kwa mkono wenye maji, makusudi, nikamgombeza kidogo na yeye akacheka.

Kijana alikuja kibandani siku mbili baadaye kuomba ile kapasita iliyokufa, ampelekee mwalimu wake wa fizikia. Niliitoa rafuni. Kabla sijampa nilichukua kipande cha waya, nikakizungushia kwenye ncha zote mbili, nikakaza kwa plaizi. Akauliza kwa nini, wakati imeshatolewa chaji na imekaa wiki nzima bila kugusa umeme. Nikamwambia kapasita za namna hii huweza kujirudishia chaji kidogo zenyewe zikiwa zimekaa, ndiyo maana huhifadhiwa zikiwa na waya. Akaitia kwenye begi, katikati ya madaftari, akahakikisha ule waya haujachomoka, akafunga zipu.